Uliza Fundi: Oili iliyokaa stoo miaka, imwagwe au itumike?

Habari fundi. Niko Arua. Baba yetu mdogo alikuwa na duka la spea hapa, akafariki na duka likafungwa, juzi ndo tumefungua stoo tukakuta katoni za oili hazijaguswa. Zingine ni za namba 40 (namba ni ya uzito wa oili) kwenye mikebe ya lita 5, zingine 15W-40, na chupa kadhaa za 20W-50 za boda. Kwa hesabu ya familia zimekaa humo si chini ya miaka 8. Stoo ni mabati tupu haina silingi. Makanika mmoja anasema hiyo ni sumu kwa injini tumwage yote, mwingine anasema oili ilikaa ardhini mamilioni ya miaka sasa itaharibikaje kwa miaka 8. Mimi nina Hiace ya dizeli ya abiria, mdogo wangu ana Premio. Tufanyeje? – Msomaji, Arua

Kaka, pole kwa msiba, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kumwaga kwa sababu huo mzigo ni pesa ya familia.

Nianze na huyo makanika wa pili maana hoja yake naisikia kila gereji na nusu yake ni kweli kabisa. Mafuta yenyewe, yale ya msingi, ni magumu kuharibika, yakifungwa vizuri bila hewa bila maji bila joto kali yanakaa miaka mingi. Lakini kile kilichokaa ardhini sicho kilichomo kwenye mkebe wako. Kwenye mkebe, kama asilimia 70 mpaka 90 ndo mafuta ya msingi, kinachobaki ni dawa za kiwandani ambazo mafundi tunaziita aditivu, na hizo hazijakaa ardhini hata siku moja, zimetengenezwa na watu na zina umri wake. Kuna dawa ya kusafisha masizi, kuna ya kuyashika hayo masizi yasigandamane bali yaelee mpaka siku ya kubadilisha oili, kuna ya zinki na fosforasi inayotandaza utando kwenye kamshafti na tapeti (vyuma vinavyofungua na kufunga valvu) ili visilane, kuna ya kuzuia hewa isiichakaze oili, kuna ya kuifanya isiwe nyepesi mno injini ikishapata moto, na kuna ya kuua povu.

Hii ya povu nataka uielewe vizuri kwa sababu ndo inayoonyesha kwa nini macho peke yake hayatoshi. Mara nyingi ni ya silikoni na haiyeyuki kabisa ndani ya oili, inaelea tu kwa vitone vidogo mno ambavyo huvioni, sasa oili ikitulia pahali pamoja miaka na miaka vile vitone vinaweza kushikana au kushuka chini. Ukiitia kwenye injini inakuwa safi ya kupendeza, rangi ya asali, lakini krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ikianza kuichapa inatoa povu, na pampu ikivuta povu inavuta hewa, presha inashuka, tapeti zinagonga, beringi zinabaki kavu. Mtu anasema oili ilikuwa nzuri nimeiona mwenyewe.

Kwa hiyo kampuni nyingi za oili husema chombo kikiwa kimefungwa, hakijafunguliwa, na kimekaa pahali pazuri, hesabu miaka 5 hivi. Wengine husema 4, wengine 3 kwa aina fulani. Si kwamba siku ya kwanza ya mwaka wa 6 oili inageuka maji, hapana, ni kwamba mtengenezaji hapo ameacha kuisimamia. Na hao wanazungumzia stoo nzuri, yenye kivuli na joto lisilopandapanda. Ya kwenu ni ya mabati bila silingi na wewe unaijua Arua ya Januari na Februari, katoni zilizo juu karibu na paa zimekaangwa mchana na usiku zikapoa, kila siku, miaka 8. Kuna kanuni ya jumla kwamba joto likiongezeka nyuzi 10 kuchakaa kwa oili na hewa kunakwenda kasi karibu mara mbili. Kwa hiyo miaka 8 ya stoo yenu si miaka 8 ya stoo ya mtu mwenye ukuta mnene na silingi.

Sasa fanya hivi. Kwanza tafuta tarehe, nyingi zimepigwa chapa shingoni, chini ya mkebe au pembeni mwa lebo, saa ingine ni namba ya bechi tu lakini mwaka unasomeka. Tenga zile zilizokuwa chini sakafuni na zile za juu. Mkebe uliovimba, uliopasuka, ambao sili yake chini ya kifuniko imeachia, au wa bati ulioshika kutu, weka pembeni, huo usiingie injini yoyote.

Zilizobaki chukua mmoja, usiutikise, uache wima siku nzima halafu mimina polepole kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa iliyokatwa juu na ikakauka vizuri, uinue juani. Unataka kuona mwanga unapita, rangi moja juu mpaka chini. Ukiona ukungu au weupe wa maziwa hayo ni maji. Ikiwa nyeusi kuliko inavyotakiwa na ina harufu kali ya uchachu, imeungana na hewa, basi. Alafu usisahau ile ya mwisho kabisa inayobaki chini ya mkebe, ndo inayosema kweli, imimine peke yake uiangalie kama ina tope au vitu kama jeli. Dawa kidogo zikishuka chini kama sukari chini ya kikombe si mwisho wa dunia, tikisa mkebe sana, uache siku mbili, angalia tena. Zikirudi kuchanganyika na zikabaki hivo, poa. Zikishuka tena, hizo hazirudi.

Kuna jambo la pili ambalo watu hawalitazami kabisa, nalo kwangu ni kubwa kuliko umri wenyewe. Geuza mkebe nyuma usome herufi za API, yaani kiwango cha oili cha taasisi ya mafuta ya Marekani. Ikianza na S ni ya petroli, ikianza na C ni ya dizeli, na herufi inayofuata kadiri inavyosogea mbele ndivyo oili ilivyo ya kisasa. Bado madukani unakuta SF, hiyo ilikuwa ya magari yaliyotengenezwa mpaka 1988! SN ilikuja 2010, SP ikaja 2020. Kwa dizeli CF-4 ni ya 1990, CI-4 ni ya 2002, CK-4 ni ya mwisho wa 2016. Yaani mkebe unaweza kuwa umetengenezwa mwezi jana na bado ukawa oili ya kizamani, na wa miaka 8 ukawa na kiwango kinachoifaa injini yako.

Kwa hiyo uamuzi wangu kwenu ni huu. Hiace kama ni ile ya injini inayoitwa 5L isiyo na turbo (feni ya kusukumia hewa kwenye injini), na hiyo 15W-40 ni ya dizeli, ya CF-4 kwenda mbele, na imepita majaribio yote, itumie, lakini badilisha mapema, kama umezoea kilomita 5,000 fanya 3,000, na ile wiki ya kwanza chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, kila asubuhi uangalie povu na rangi, taa ya oili ikiwaka hata kidogo zima injini hapo hapo. Kama Hiace ni ya turbo, usitie. Turbo inazunguka kasi ya ajabu na kinachoibeba ni utando mwembamba wa oili tu, bei ya turbo moja na bei ya oili mpya lita 7 hazilingani hata kwa mbali. Premio ya mdogo wako pia hapana, ile injini ya VVT-i (mfumo wa Toyota unaobadilisha muda wa valvu kufunguka) ina vitundu vyembamba vya oili na inataka oili nyepesi yenye kiwango cha juu, anunue mpya. Zile za namba 40 kama ni safi zitafaa trekta la zamani au mashine ya kusaga. Ile ya boda soma jibu la kijana wa Mbale hapo chini.

Na mkiamua kuuza, mwambieni mnunuzi tarehe. Yule wa boda anayenunua lita moja kwa pesa ya siku nzima hana pesa ya injini nyingine.

Fundi salaam. Mimi ni mama nina mashine ya kusaga unga huku Kasese. Nilinunua pipa zima la oili ili nipate nafuu, nikaliweka wima nje nyuma ya nyumba ya mashine, nimelifunika turubai. Kifuniko kimekazwa kwa spana. Sasa oili inatoka kama chai ya maziwa. Maji yameingia wapi na kifuniko hakijafunguliwa? Naweza kuichemsha maji yatoke? – Mama wa mashine, Kasese

Mama, swali zuri na watu wengi wa mapipa wanapoteza pesa hapo hapo bila kujua. Pipa linapumua. Mchana jua likilipiga, oili na hewa ya ndani vinatanuka, hewa kidogo inatoka kwenye nyuzi za kizibo. Jioni inanyesha, pipa linapoa ghafla, ndani kunakuwa na mvuto, na juu ya pipa lililosimama wima, pale kwenye vile vizibo viwili, kuna maji ya mvua yametuama ndani ya ukingo. Pipa likivuta, linavuta nini? Linavuta hayo maji. Kidogo kidogo kila siku, na kizibo kimekazwa vile vile. Turubai halisaidii kama linabonyea katikati na kushika maji.

Kuchemsha nakataza kabisa. Kwanza ni hatari, oili yenye maji ikipata moto inaruka na kukuunguza, watu wameumia. Pili hata maji yakitoka, baadhi ya dawa zimeshaharibiwa nayo au zimeshuka nayo chini, unabaki na mafuta yenye jina la oili. Unachoweza kufanya, liache pipa litulie bila kuguswa wiki moja hivi, halafu uvute kwa mpira kutoka juu, si kwa bomba la chini. Ile ya juu ukiikuta inang'aa, pima namna hii: weka kijiko cha chuma juu ya sigiri kipate moto, ukiwa nje na uso mbali, dondosha matone mawili. Ikitatarika ina maji. Ikitoa moshi kimya kimya haina maji ya kutisha. Ile ya maziwa usiitie kwenye mashine hata ukibembelezwa, beringi za krenki zitaliwa na maji kabla hujamaliza msimu wa mahindi. Paka minyororo na bawaba za geti. Ikibaki nyingi, ijaze kwenye jerikani upeleke kwa gereji au kituo wanaokusanya oili chafu, usimwage kwenye mfereji, inaishia mtoni na watu wanachota humo.

Pipa linalofuata liweke chini ya paa, juu ya mbao. Kama paa hakuna kabisa, lilaze ubavu, vizibo viwili vikae kulia na kushoto kwa usawa mmoja, kisiwe kimoja juu kingine chini. Pipa lililojaa likilala hivo vizibo vinafunikwa na oili kwa ndani, haviwezi kuvuta hewa wala maji. Ni kazi ya watu wawili na dakika tano.

Boss fundi, mi ni wa boda hapa Mbale. Sisi steji yetu tunanunua oili ya kupimiwa, mtu ana jerikani anakupimia kwa chupa ya soda, bei ni chini. Inayobaki naiweka nyumbani chini ya kitanda. Ikishafunguliwa inakaa muda gani? Na pikipiki yangu ya Boksa siku hizi klachi inateleza nikipanda mlima, yaweza kuwa oili? – Wa boda, Mbale

Yaweza, tena sana. Pikipiki yako klachi inaogelea ndani ya oili ile ile ya injini, tofauti na gari. Oili nyingi za gari za petroli, hasa zile nyepesi za kisasa, zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano, na klachi bila msuguano haishiki, ndo hiyo unapiga gesi injini inalia pikipiki haiendi. Ya pikipiki imeandikwa JASO MA au MA2, kiwango cha Kijapani cha oili ya pikipiki, nyuma ya chupa. Hiyo ya kupimiwa imeandikwa wapi? Haina maandishi, kwa hiyo hujui ni ya gari, ya lori, ya gia, au ni oili chafu imechujwa ikasafishwa rangi ikarudi sokoni. Hii si mambo ya kubahatisha, oili iliyokwisha kutumika ina asidi na unga wa chuma na huwezi kuvitoa kwa kitambaa.

Muda wa iliyofunguliwa: chupa halisi, kizibo chake mwenyewe kimekazwa, pahali pakavu, itumie ndani ya mwaka na huna shida. Kinachoua ni vumbi na unyevu kuingia, na chombo. Chupa ya soda iliyosafishwa kwa maji ikabaki na tone ndani, hapo umeshaharibu. Boksa inakunywa lita moja na kidogo, hakibaki kitu kikubwa cha kuweka chini ya kitanda, sasa kwa nini usichange na mwenzako wa steji mkanunua chupa kubwa iliyofungwa, yenye alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, mkagawana siku hiyo hiyo? Ikiisha, chupa tupu itoboe au ikate kwa kisu kabla ya kutupa. Wale wa kughushi wanazitafuta sana chupa safi zenye lebo wazijaze upya, na lita hiyo itarudi kwako.

Kwa klachi, mwaga hiyo oili, tia ya JASO MA, endesha siku chache, mwaga tena tia mpya. Ikiendelea kuteleza pleti zimeshaungua, zibadilishwe.

Na mafuta ya breki je, yanakaa kama oili? – Msomaji, Gulu

Hapana, hayo usiyalinganishe. DOT 3 na DOT 4, ndo madaraja ya mafuta ya breki yaliyoandikwa kwenye chupa, yananyonya unyevu kutoka hewani, oili ya injini hainyonyi hivo. DOT 3 ikiwa mpya inachemka kwenye nyuzi 205 au zaidi, ikishanyonya maji ya kutosha inaweza kuchemka kwenye 140, na yakichemka kwenye mteremko breki inazama mpaka chini. Kachupa kadogo kaliofunguliwa mwaka jana, usikaguse. Nunua kadogo, tumia, yanayobaki usiweke.

Fundi, nina gari Entebbe naliendesha Jumapili tu kwenda kanisani na kurudi, kilomita 3 kwenda 3 kurudi. Nilibadilisha oili karibu miaka miwili iliyopita, kilomita hazijafika hata 1,000. Kama oili ndani ya mkebe inakaa miaka 5, ya kwangu si bado mpya? – Mzee mstaafu, Entebbe

Mzee wangu, heshima yako. Ile ya mkebe imepumzika, ya kwako imefanya kazi. Na kazi yako ya Jumapili ni ngumu kwa injini kuliko safari ya Kampala mpaka Mbarara. Kilomita 3 injini haijapata moto vizuri. Petroli ikiungua inatoa maji, mvuke wake kidogo unapita pembeni mwa pistoni ukaingia kwenye oili, pamoja na petroli kidogo isiyoungua. Kwenye safari ndefu oili inapata moto, hayo yote yanatoka kama mvuke. Kwako hayatoki, injini inazimwa yakiwa ndani, wiki nzima yanakaa na dawa za oili yanatengeneza asidi, Jumapili nyingine yanaongezeka. Fungua kifuniko cha kutilia oili, angalia upande wa ndani. Ukikuta utando wa rangi ya krimu, laini, unaofutika kwa kidole, ndo huo, na katika hali yako si lazima uwe umetokana na kupasuka kwa gasketi ya silinda hedi (ile inayozuia maji ya rejeta yasiingie kwenye oili) kama makanika fulani atakavyokuambia akikuona una pensheni. Ili kuwa na hakika angalia na maji ya rejeta, yasipopungua na yasipokuwa na oili, gasketi iko salama.

Badilisha oili na filta sasa hivi, na kuanzia leo hesabu mwaka mmoja, usihesabu kilomita, ikiwezekana fanya kila miezi 6. Na mara moja kwa mwezi litoe gari barabara ya Kampala, liende nusu saa bila kuzima, ukirudi ufungue kile kifuniko tena uone kama ile krimu imepungua.